Uzuri Wetu Unauzwa Bila Jina

Mwaka jana ukurasa huu ulibeba makala kuhusu nidhamu, na mwaka juzi kuhusu usafi wa mazingira. Mwaka huu nafasi nimepewa mimi wa Kidato cha Tatu, nami nimeamua kuandika juu ya picha. Sisemi picha za sinema wala za harusi. Nasema zile picha za milima, mabonde, maziwa na ukungu ambazo hutiwa katika fremu na kuuzwa kama mapambo na zawadi. Najua wapo watakaouliza, "Picha na Chama cha Kiswahili wapi na wapi?" Subirini kidogo. Haraka haraka haina baraka.

Mtakumbuka kwamba muhula wa pili chama chetu kilifanya ziara Nakuru. Asubuhi tulipanda hadi Menengai, tukasimama ukingoni na kutazama kasoko ile ambayo upana wake ni kama kilomita 12. Upepo ulitupiga hadi sweta zetu zikawa hazina maana. Tuliporudi mjini, mwalimu mlezi alitupa muda wa saa moja tununue vitu vidogo vidogo. Wenzangu wengi walikimbilia chipsi. Mimi na mwenzangu mmoja tuliingia katika duka la zawadi, lile la vinyago, shanga na vikapu, ili tutazame tu, kwa maana mfukoni nilikuwa na shilingi 150 na nauli ndimo ilimokuwa.

Basi, ukutani palikuwa na picha kubwa ndani ya fremu ya mbao. Ilikuwa picha ya alfajiri. Ukungu mweupe ulikuwa umelala bondeni kama maziwa ndani ya bakuli, na juu yake kilisimama kilima chenye mitarakwa miwili, mmoja ukiwa umeuinamia mwenzake. Chini kushoto palikuwa na kona ya barabara ya udongo. Moyo wangu ulipiga pa! Kona ile naijua. Mitarakwa ile naijua. Mmoja ulichomwa na radi upande wa juu na mpaka leo hauna kilele. Hapo ndipo kwa nyanya yangu, ambaye sisi nyumbani humwita gogo. Nimechota maji chini ya kilima kile tangu nikiwa na mtungi wa lita tatu.

"Dada, hii ni kwetu Sachangwan!" nikamwambia muuzaji.

Yeye akaniangalia kuanzia viatu hadi kola. "Hapana. Hiyo ni Aberdare, ama ni huko Ulaya. Wazungu huipenda sana."

Nikaitazama karatasi iliyobandikwa chini ya fremu. Palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Asubuhi ya Afrika", kisha bei: shilingi 6,500. Hakuna jina la mahali. Hakuna tarehe. Afrika nzima, wasomaji, kutoka Misri hadi Afrika Kusini, na asubuhi yake ni kilima cha gogo! Nikapiga hesabu ya haraka. Msimu ule gogo aliuza gunia la viazi la kilo 50 kwa shilingi 1,500. Ili aweze kununua picha ya shamba lake mwenyewe, ingembidi auze zaidi ya magunia manne.

Lakini bei siyo iliyonishtua zaidi. Nilipoisogelea picha niligundua kwamba nyumba haipo. Nyumba ya gogo ya mabati, ambayo iko pale kulia kwa mitarakwa tangu kabla mama yangu hajaolewa, ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na nyasi za kijani, laini, ambazo hazijawahi kuota pale. Jiko, zizi, kamba ya kuanikia nguo, vyote vilikuwa vimefutwa.

Jioni hiyo nilimweleza gogo. Akafikiri kidogo, akakumbuka. Alisema kuna mtu alikuja mapema sana siku moja ya kiangazi, akaegesha gari langoni, akasimamisha kitu cha miguu mitatu na kukaa nacho kwenye baridi hadi jua lilipotoka. Gogo alimhurumia, akampelekea kikombe cha chai ya maziwa. Mtu yule alishukuru sana, akaenda zake. Kisha gogo akaniuliza swali moja tu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu hii.

"Sasa, mtoto wangu, kama ameuza kilima na miti, nyumba yangu ameipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Naam, makala haya ni jaribio langu la kulitafuta.

Wasomaji wapenzi, nyote mnajua jinsi jina la Sachangwan linavyotajwa nje. Mnamo tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta ya petroli lilipinduka kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, hapa hapa kwetu. Watu walikimbilia mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wapo waliozikwa pamoja kwa sababu haikuwezekana kuwatambua. Mimi nilizaliwa miezi michache baadaye. Mama husema kwamba alikuwa na mimba yangu siku ile, na kwamba aliuona moshi kabla ya kusikia kelele. Hakuna nyumba nyingi kijijini mwetu ambazo hazikuguswa.

Picha za siku ile zilisambaa dunia nzima. Na kila picha ilikuwa na jina: Sachangwan. Ilitajwa Sachangwan katika magazeti, Sachangwan katika redio, Sachangwan katika televisheni. Kwa hivyo tukienda mashindano ya muziki au ya michezo, mwanafunzi wa shule nyingine akisikia tunakotoka, neno la kwanza ni, "Aah, kule kwa moto?" Nawajua wenzangu, nami ni mmoja wao, ambao wakiulizwa husema "natoka Molo" ili kuepuka swali hilo. Tunalikana jina la nyumbani kama Petro.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tulipoungua, tulipewa jina. Tunapopendeza, jina linaondolewa. Picha ya msiba wetu inasema ni sisi, nayo picha ya uzuri wetu inasema ni "Afrika". Je, mtoto anayekua akiona jina la kwao kwenye maafa tu, na uzuri wa kwao ukiitwa wa watu wengine, atajifunza kujipenda vipi? Hilo, wasomaji, si jambo dogo la mapambo ya ukutani.

Wengine watadhani biashara hii ya kuuza picha za mandhari ilianza juzi. La hasha! Ni ya zamani kuliko shule yetu. Kule Zanzibar, studio ya A. C. Gomes ilikuwa ikipiga na kuuza picha za mji na bandari tangu karne ya 19, na abiria wa meli wakizinunua kama ukumbusho. Reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, mpiga picha aitwaye William D. Young alipiga picha za kazi ile na za nchi iliyopitiwa na reli. Reli hiyo ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ikipitia Nakuru, Molo na Mau Summit, yaani milango yetu. Kwa hivyo macho ya wageni yameitazama nchi hii kupitia kioo cha kamera kwa zaidi ya miaka 100.

Na sisi wenyewe tumekuwa na mabingwa. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix huko Dar es Salaam mwaka 1963. Wengi wanamkumbuka kwa filamu ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, lakini pia alitoa vitabu vikubwa vya picha za nchi yetu, wanyama na mabonde yake. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Yeye alikuwa mwenyeji wa mji aliokuwa akiupiga picha, na picha zake zikaja kununuliwa na wageni baada ya miaka mingi. Mtu akiitazama picha ya aina hiyo anajua ni mtaa gani na ni enzi gani. Hivyo basi asinielewe mtu vibaya. Sisemi kwamba picha za mandhari zisiuzwe. Ziuzwe, tena ziuzwe kwa bei nzuri.

Hata huko ng'ambo kuna mfano unaonifurahisha. Kulikuwa na Mmarekani, Ansel Adams, aliyeishi kuanzia mwaka 1902 hadi 1984, ambaye ni kama mfalme wa picha za mandhari. Mwaka 1941 alikuwa akiendesha gari jioni katika jimbo la New Mexico, akaona kijiji kidogo, kanisa, na makaburi ambayo misalaba yake myeupe ilikuwa ikimulikwa na jua linalotua huku mwezi ukipanda juu ya milima. Alisimamisha gari kwa haraka, hakuipata hata ile mita ya kupimia mwanga, akapiga picha moja tu kabla mwanga haujatoweka. Baadaye aliichapa zaidi ya mara 1,000, na nakala zake zikawa za thamani kubwa mno. Sasa sikilizeni. Picha hiyo hakuiita "Jioni ya Marekani". Aliita jina la kijiji chenyewe, Hernandez. Wala hakuyafuta makaburi. Kijiji kidogo, chenye makaburi kando ya barabara kuu! Hakikunikumbusha mahali pengine ila hapa kwetu. Mimi sijawahi kufika New Mexico na pengine sitafika, lakini jina la Hernandez ninalijua. Hiyo ndiyo nguvu ya jina.

Huenda ukasema, "Hayo ni mambo ya heshima tu, heshima hailiwi." Mkono mtupu haulambwi, kweli, lakini jina nalo ni mali. Tazameni pale juu ya Mai Mahiu, barabarani mtu akitoka Nairobi, mahali ambapo bonde lote huonekana. Wageni husimama pale kwa sababu mahali panajulikana. Wakisimama, kuna anayeuza kofia za ngozi ya kondoo, kuna anayeuza mahindi ya kuchoma, na kuna anayeuza chai. Sasa mgeni aliyenunua kilima cha gogo kwa shilingi 6,500 akitamani kukiona kwa macho yake, atakwenda wapi? Atapelekwa Aberdare. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni atakujaje ikiwa hajaambiwa njia?

Fauka ya hayo, picha isiyo na jina wala tarehe inaweza kudanganya hata bila kukusudia. Katika duka lilelile kulikuwa na kadi za Ziwa Nakuru, ufuo wote ukiwa umefunikwa na heroe, waridi kutoka mwisho hadi mwisho. Ni kadi nzuri. Lakini sisi tuliofika ziwani mchana ule hatukuona hivyo. Kuanzia miaka ya 2010 maji ya ziwa yalipanda sana. Yalimeza barabara za mbuga, yakalifikia lango, na miti mingi ya migunga ikafa ikiwa imesimama ndani ya maji. Heroe hula mwani mdogo unaopenda maji ya magadi. Maji matamu yalipozidi, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Maziwa ya Nakuru, Bogoria na Elementaita yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, basi si mambo ya kubahatisha. Kama kadi ile ingekuwa na mwaka nyuma yake, ingekuwa ushahidi. Mtu angesema, "Tazama, mwaka fulani ziwa lilikuwa hivi, leo liko hivi, ni nini kilichotokea?" Bila mwaka, kadi inamwambia mnunuzi kwamba kila kitu kiko salama.

Na je, kilima chetu? Kutoka pale kwa gogo mtu huona upande wa Mau. Wazee wanasema msitu ulikuwa ukifika mahali ambapo leo ni mashamba ya viazi. Wakisema "ulikuwa ukifika hapa" wananyosha kidole, na kidole hakiwezi kuwekwa katika fremu. Kama angekuwapo mtu wa kupiga picha mahali palepale kila mwaka na kuandika tarehe, leo tungekuwa na jambo la kuwaonyesha wanaobisha.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, maana wa mbili havai moja, na hoja yenye upande mmoja haisimami. Mwenzangu niliyekuwa naye dukani, mkali wa maneno kama wakili, aliniambia tukiwa ndani ya basi, "Wewe nawe! Kwani ukungu ni wa nyanya yako?"

Nilinyamaza, kwa sababu hoja yake ina uzito. Ukungu si wa mtu. Usiku hewa baridi huwa nzito, huteremka bondeni, mvuke wake ukageuka matone madogo, na asubuhi jua hulifuta jambo lote bila kumwuliza yeyote. Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu picha kuwa kazi ya sanaa, na mwenye haki ni mtunzi wake, yaani aliyeipiga, kwa miaka 50. Mwenye kilima hana hakimiliki ya sura ya kilima.

Tena kazi yenyewe si rahisi. Mtu yule aliamka usiku wa manane, akaendesha gari, akasimama kwenye baridi ya Sachangwan, ambayo sisi wenyewe huikimbia kwa kujifunika blanketi mbili. Alinunua kamera, karatasi, fremu na kioo. Duka nalo lina kodi ya kulipa. Mgala muue na haki umpe. Sidai hata senti moja ya zile 6,500.

Ninachodai ni mambo mawili. La kwanza ni jina. Kuandika "Sachangwan, Nakuru" nyuma ya picha hakuhitaji hata wino wa shilingi moja. La pili ni ukweli. Kutoitaja nyumba ni jambo moja, lakini kuifuta ni jambo jingine kabisa. Mwenzangu alijibu kwamba mnunuzi anataka mandhari ya kupumzisha macho, hataki mabati na kamba ya nguo. Sawa. Basi mpiga picha asogee hatua 20 kushoto, aelekeze kamera pasipo na nyumba, kwani kilima kina pande nyingi. Akichagua upande wenye nyumba kisha akaifuta, anamwambia mnunuzi kwamba nchi hii haina wenyewe. Na sisi wa sehemu za Molo, ambao wazazi wetu waliona nyumba zikichomwa na watu wakifukuzwa mwaka 1992 na tena mwaka 2008, tunajua vizuri kwamba nchi isemwayo haina wenyewe huleta balaa. Nyumba ya gogo ilinusurika siku zile zote. Kuondolewa na mtu aliyekunywa chai yake, hapo nasema hapana.

Lakini wasomaji, nikimnyoshea mwenzangu kidole kimoja, vidole vitatu vinanielekea mimi. Hebu ingieni katika sebule zetu. Ukutani kuna nini, kati ya kalenda ya duka la mbegu na picha ya harusi? Kuna picha ya mlima wenye theluji, ziwa la buluu na nyumba ya mbao ya huko Uswisi, na chini yake maneno ya baraka kwa Kiingereza. Ipo nyumbani kwetu. Mama aliinunua sokoni Molo kwa muuzaji aliyekuwa akizitembeza begani. Kumbe nasi tumetundika kilima cha nyanya ya mtu fulani bila kujua jina lake!

Ukienda studio kupiga picha ya Krismasi, nyuma yako huwekwa pazia lenye maporomoko ya maji na mnazi. Mnazi, Molo! Na kadi za heri wanazotumiwa watahiniwa wa Kidato cha Nne kila mwaka? Nilizikusanya 11 za dada yangu alipofanya mtihani wake. Tano zilikuwa na mawaridi, tatu zilikuwa na milima ya theluji, mbili zilikuwa na vitabu na mshumaa, na moja ilikuwa na farasi wawili weupe wanaokimbia baharini. Hakuna hata moja iliyokuwa na kitu ambacho dada yangu amewahi kukiona kwa macho yake. Sisi tunatundika milima ya wengine, wengine wanatundika milima yetu, na hakuna anayejua amemtundika nani. Tukiwalaumu wageni kwa kutotutaja ilhali sisi wenyewe hatujioni, tutakuwa kama nyani asiyeona kundule.

Kwa hivyo, nisije nikaitwa mlalamishi, naleta mapendekezo. Nayaleta kwa unyenyekevu mbele ya mwalimu mlezi, mwalimu mkuu na wanachama wote.

Kwanza, chama chetu kianze kutengeneza kadi za heri zenye picha za hapa kwetu. Najua simu haziruhusiwi shuleni, na sisemi sheria ivunjwe. Lakini sisi ni wanafunzi wa kutwa. Asubuhi tunatoka nyumbani wakati ukungu bado uko bondeni, wakati ambao watu wengine huendesha gari kutoka Nairobi ili wauone. Wazazi wengi wana simu zenye kamera. Kila mwanachama aombe simu ya mzazi Jumamosi moja, apige picha moja nzuri karibu na kwao, kisha mwalimu mlezi asaidie kuchagua 10. Niliuliza katika studio moja Molo, nikaambiwa picha ya ukubwa wa kadi ni shilingi 40. Tukiibandika kwenye karatasi ngumu na kuiuza kwa shilingi 70, kadi 100 zitatupa faida ya karibu shilingi 3,000 kabla ya gharama ya karatasi na gundi. Si utajiri, lakini kabati letu la vitabu lina kamusi mbili, na moja haina herufi A hadi Ch.

Pili, nyuma ya kila kadi yaandikwe mambo matatu kwa Kiswahili: mahali, tarehe, na jina la aliyepiga. Hapo ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia, kwa wale waliouliza mwanzoni. Kutaja mahali kwa jina ni kazi ya lugha. Kamera huonyesha kilima, lakini kilima hakijui kusema kinaitwaje. Sisi ndio ulimi wake.

Tatu, tusimtendee mtu yale tusiyopenda kutendewa. Tukipiga picha yenye nyumba ya mtu au mtu mwenyewe, tumwombe ruhusa kwanza. Mwaka 2023 shule moja humu nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria kando, ni adabu. Anayekupa chai muulize jina, na ukipata picha nzuri mrudishie nakala moja.

Nne, kila mwaka, siku ileile na mahali palepale, chama kipige picha moja kuelekea upande wa Mau na kuihifadhi katika maktaba. Tarehe iwe 31 Januari. Sichagui siku hiyo ili kufufua machozi. Naichagua ili siku ambayo dunia ilituona tukiungua iwe pia siku ambayo tunaionyesha kwamba bado tupo, na kwamba kilima bado ni kijani. Wale watakaosoma hapa miaka 20 ijayo watakuwa na picha 20 za kulinganisha, na hawatahitaji kunyosha vidole kama wazee wetu.

Nimalizie kwa gogo, maana ndiye aliyeniuliza swali. Jumamosi baada ya ziara ile niliamka saa kumi na moja, nikachukua simu ya mama, nikatembea hadi kwenye ile kona ya barabara. Vidole viliganda. Nilipiga picha nyingi mbaya na moja nzuri kidogo. Ukungu upo, mitarakwa miwili ipo, na nyumba ya mabati ipo ikitoa moshi jikoni. Kamba ya nguo ipo pia, na blanketi la gogo la rangi nyekundu juu yake. Nilienda Molo na shilingi zangu 40, nikatolewa picha. Fremu nilitengeneza kwa vipande vya mbao vya fundi jirani yetu, na kona moja haikukaa sawa.

Nyuma yake niliandika kwa kalamu: "Kwa gogo, Sachangwan, Nakuru", tarehe, na jina langu.

Gogo aliishika mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wazee. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya paa la nyumba yake, akasema, "Kumbe haikuenda popote." Akaitundika mahali palipokuwa na mlima wa theluji. Ule mlima wa theluji haukutupwa. Uko chumbani, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hata ule lazima una bibi yake.

Wasomaji wapenzi, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chetu ni kizuri na tayari kinajiuza. Kilichobaki ni kukipa jina. Siku nyingine ukiulizwa unatoka wapi, usiseme Molo. Sema Sachangwan, kisha toa kadi mfukoni uonyeshe.

Wasalaam.